Kokoto za Bustani ya Bondeni

Jumatatu, 6 Oktoba

Chapati zimeisha kabla ya saa nne. Kama kawaida. Wale wa kona wanakanda unga tangu alfajiri na bado wanabaki na sinia zima. Mimi mkono huu Mungu alinipa. Chai yangu ya mukaru, kavu bila maziwa, tangawizi ya kutosha. Watu wanateremka kutoka Nyamirambo juu, wanapita vibanda vyote vya Biryogo, wanakuja kwangu.

Alasiri nikaenda bustani ya bondeni. Ndiyo starehe yangu moja. Kuna benchi letu sisi kina mama, tunaketi tumeipa barabara mgongo, tunaongea mpaka karibu na magharibi. Leo nimekuta kitu. Kokoto. Mtu amemwaga mstari wa kokoto kutoka getini mpaka kwenye jakaranda ya kwanza, upana wa mkeka wa kuswalia. Katikati ya majani! Majani ambayo sisi tunakatazwa hata kuyakanyaga. Nimeuliza nani kaziweka. Hakuna anayejua.

Sijapenda.

Zuhura alipiga simu asubuhi. Binti yangu. Yuko kwenye majaribio, ofisi moja ya Kicukiro, wanachora bustani na mahali pa watu kupumzikia. Wakiridhika naye wanamwajiri moja kwa moja. Wasiporidhika, basi, anarudi nyumbani kutafuta upya. Wataridhika. Amemaliza chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la sita, lakini niliishia nikiwa wa kwanza, kwa hiyo akili hakuiokota barabarani. Wateja wangu wote wanajua habari zake. Hata anayeniletea mkaa anajua.

Jumatano, 8 Oktoba

Kokoto zimepiga kona. Sasa zinaelekea kwa wazee wanaocheza igisoro, wale wanaopigana kelele juu ya lile bao lao tangu asubuhi. Na pale kwenye kona pamepandwa mchaichai. Kishada kizima. Mchaichai hauna ua wala kivuli. Nani anapanda mchaichai kwenye bustani ya watu wote?

Nimemfuata mkuu wa mudugudu wetu, kiongozi wa mtaa. Kijana mwenye adabu, nilimlisha chapati akiwa na kamasi. Amesema ameambiwa tu kwamba kuna watu watakuja kupimapima pale. Nikamuuliza wanapima nini. Hajui. Wanapimia nani. Hajui. Akasema, mambo ya wakubwa hayo, mama yangu, tusubiri tutaambiwa.

Mtu hapimi kitu asichotaka kukichukua. Hilo sikulisoma darasani.

Bustani ile ni ndogo lakini ni yetu. Ikiondoka tutakaa wapi? Kwenye vibaraza vyetu, miguu mtaroni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Zuhura amekuja baada ya swala ya Ijumaa. Siku hizi anaishi Batsinda na msichana mwenzake wa kazini, nyumba zile za bei nafuu. Amepungua kidogo. Nimempikia pilau, akala vizuri, nikafurahi.

Kisha akaanza maswali. Mama, kwa nini nyie kina mama mnakaa benchi lile lile kila siku? Kwa nini mnaipa barabara mgongo? Mbona magharibi ikikaribia hambaki? Nikamjibu. Tunaipa barabara mgongo kwa sababu vijana wa pikipiki wanatukodolea macho. Hatubaki kwa sababu taa ya upande wetu haiwaki. Na choo kimefungwa, ufunguo uko kwa mwenye baa ya ng'ambo. Mwanamke wa Biryogo, na mtandio wake, aingie baa kuomba ufunguo wa choo? Tunabana, tunakwenda nyumbani.

Alinisikiliza kwa namna fulani. Kama karani wa sensa. Nikauliza, unayatakia nini haya yote? Akasema anauliza tu.

Mwanangu hajawahi kuuliza tu. Tangu mdogo, akikuuliza sukari iko wapi, ujue ameshaiona.

Baadaye, nikiosha vyombo, nikafikiri. Anataka kujua saa gani bustani inabaki tupu. Anataka kujua kwa ajili ya nani?

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama Sifa amekuja kibandani na sindano bado imechomekwa kwenye kola. Ni fundi wa nguo, jirani yangu wa ukuta mmoja, Mkristo mzuri, lakini macho yake hayana mlango. Kiswahili chake cha Kigali hasa. Akainama sikioni mwangu. "Mama Zuhura, sha, mtoto wako iko pale bustani saa hii. Iko na muzehe moja, suti, miwani nyeusi. Iko anamushika mukono kama bibi na bwana."

Nimemwambia amekosea. Zuhura yuko Kicukiro, anachora. Akasema labda anachora na kiwiko.

Wateja wawili walicheka. Nimewamiminia chai ikamwagika kwenye kisahani. Kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Sikwenda kuangalia. Niliendelea kumimina chai.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimempigia Zuhura adhuhuri. Uko wapi mwanangu? Akasema niko kazini, mama. Kicukiro? Akasema niko kazini.

Wakati huo adhana ikaanza. Niliisikia kwa sikio hili la dirishani, na niliisikia kwa sikio la simu. Sawa, Kicukiro nako kuna misikiti. Lakini muadhini wetu ana kikohozi. Kila siku anakohoa kabla ya "hayya alas-swala". Leo amekohoa dirishani na amekohoa kwenye simu.

Mwanangu amenidanganya. Yuko hapa chini, hatua chache kutoka kwenye sufuria yangu, na hanijii.

Marehemu baba yake angekuwepo angeuliza kwa sauti moja tu, na ingetosha. Mimi nina kelele nyingi ila kwa hili sauti haitoki. Nikimuuliza, atajibu. Naogopa jibu.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimekwenda mwenyewe. Nimevaa kitenge cha Mama Sifa ili nisijulikane, ingawa mwendo wangu unajulikana Biryogo yote. Nilikaa nyuma ya ua la michongoma karibu na geti.

Ni kweli.

Mzee mzima. Mkubwa kuliko ambavyo baba yake angekuwa. Suti ya kijivu, miwani nyeusi, na kwapani mwavuli wa kukunja, mwembamba, mweupe, wa gharama naona. Amemshika Zuhura juu ya kiwiko hasa. Wanatembea polepole juu ya zile kokoto. Juu ya kokoto! Zuhura anaongea, mzee anaitikia kichwa, haangalii anakokwenda. Watu wenye pesa hawaangalii chini, wana watu wa kuwaangalilia.

Walipofika karibu na wazee wa igisoro akasimama. Akasema kwa Kiswahili kizuri, cha Tanzania kabisa, nilikisikia wazi: "Hapa nitakaa mimi. Kila siku. Na sitaki mtu wa kunileta."

Zuhura akacheka. Kicheko chake cha kweli, cha utotoni.

Nimeelewa sasa. Kokoto ni mpaka. Mchaichai ni alama za kona. Mzee ananunua bustani yetu, na binti yangu ndiye anayemwonyesha. Kwa malipo gani, sitaki kuandika.

Jumanne, 21 Oktoba

Sikula jana. Leo nimekula kidogo. Chapati zilikuwa ngumu, mteja mmoja amerudisha yake. Nimemwambia meno yake ndiyo mabovu.

Alasiri, benchini, nimewaambia kina mama kwamba bustani inauzwa. Jina la Zuhura sikulitaja. Nimesema tu mzee mmoja wa miwani. Wakashika vichwa. Mama mmoja mwenye mapacha akasema disi, maskini sisi, na watoto watacheza wapi. Kila mmoja akakumbuka kitu alichokiona: mtu na kamba ya kupimia, mtu anapiga picha za choo, msichana amekaa majanini na kiti cha magurudumu kisicho na mgonjwa. Kila mtu alikuwa ameona na kila mtu alikuwa amenyamaza. Ndivyo tulivyo hapa.

Nikawaambia, Jumamosi ni umuganda. Mji mzima utatoka kufanya usafi. Nani atatulaumu tukisafisha?

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo ni siku ya kuandikwa vizuri.

Umuganda. Mkuu wa mudugudu aliwachukua wanaume kwenda kuzibua mtaro wa juu, mvua imeujaza matope. Akauliza nani ataongoza kina mama bustanini. Nani mwingine? Nikachukua jembe, nikatangulia. Nina umri huu na bado jembe linaniheshimu.

Tulizoa kokoto zote. Zote, mpaka ardhi ikaonekana. Na kokoto zenyewe nzuri, zimeoshwa, kazi nzuri ya mtu. Ilikuwa dhambi kuzitupa, kwa hiyo kila mama akajaza beseni lake. Mama Sifa, anayesumbuliwa na matope mlangoni, alirudi mara tatu. Mchaichai tukaung'oa na mizizi. Ule nao ulikuwa mzuri. Nimebeba mwingi, wa chai.

Bustani ikabaki safi kama kiganja. Kwenye mkutano baada ya kazi mkuu wa mudugudu akatusifu mbele ya watu, kwamba kina mama wa bondeni ni mfano. Watu wakanipigia makofi. Mkono ukinyooshwa juu ya kitu chetu, na sisi tuna mikono.

Nimelala mchana usingizi mzito.

Jumapili, 26 Oktoba

Zuhura amekuja bila kupiga simu. Amevaa vizuri, ana furaha, anaimba mlangoni. Amesema Jumanne ana siku kubwa kazini, nimwombee. Bosi wake mwenyewe atakuja kuangalia kazi yake, na hapo ndipo wataamua. Nikasema nitakuombea. Niliuma ulimi nisiseme lingine.

Nikampa chai. Akanusa kikombe kabla ya kunywa. Akaniuliza mchaichai nimeutoa wapi.

Nikasema, bustanini, jana, umuganda. Nikamtazama usoni niliposema. Nilitaka aone kwamba najua.

Akaweka kikombe chini. Uso wake ulikauka kama unga uliosahauliwa nje. Akachukua mkoba, akatoka, akateremka njia ya bondeni karibu kukimbia.

Amejua nimemjua. Vizuri. Na aende akamwambie muzehe wake.

Lakini kikombe chake kimebaki kimejaa na nimeshindwa kukimwaga. Nimekipita pale mezani mara nyingi.

Jumanne, 28 Oktoba

Naandika yote, hata yale nisiyopenda.

Asubuhi Mama Sifa akaja mbio kuniambia bustanini kuna magari mawili na muzehe yuko getini. Nikamwachia sufuria. Leo sikujificha kwenye michongoma. Nilikaa kwenye benchi letu, mgongo kwa barabara, nikageuza shingo. Nilijiambia wakiweka saini mbele yangu nitapiga kelele isikike mpaka mjini.

Getini kulikuwa na mama mmoja Mkenya, mrefu, viatu visivyo na sauti. Bosi. Na vijana watatu wa ofisini. Kijana mwingine kwenye kiti cha magurudumu, huyo nilikuwa simjui. Zuhura amesimama na nguo ile ile ya Jumapili, macho yamevimba. Na yule mzee.

Zuhura akaondoa mkono wa mzee kwenye kiwiko chake. Mzee akautoa ule mwavuli kwapani, akaukunjua. Haukuwa mwavuli. Ilikuwa fimbo.

Fimbo nyeupe.

Akaanza kutembea peke yake. Hakuna aliyemshika. Jumamosi niliandika zote, lakini pale getini zilibaki kokoto chache. Akapita juu yake vizuri, fimbo inagusa kulia, inagusa kushoto. Kisha kokoto zikaisha. Akasimama. Akanyoosha mguu mbele, akautembeza juu ya majani, kiatu kinatafuta. Akajaribu kushoto. Akajaribu kulia. Akainua pua kidogo, ananusa, kwa sababu hapo mbele palikuwa na kona, na kwenye kona alitakiwa kukuta harufu. Hakukuta.

Alisimama pale katikati ya bustani safi kama kiganja. Wazee wa igisoro wakanyamaza. Sijawahi kuwasikia wamenyamaza.

Mzee akasema, si kwa hasira, "Binti, njia umeipeleka wapi?"

Bosi akamuuliza Zuhura kimetokea nini. Nilikuwa karibu, nilisikia. Zuhura akasema watu wa umuganda wamesafisha, ameona Jumapili, kokoto nyingine hakuzipata kwa siku moja na hakuthubutu kuahirisha. Akasema kosa ni lake, alitakiwa kuwaeleza watu wa hapa, hakuwaeleza. Bosi akamuuliza kama hakuna mtu wa mtaa huu anayemfahamu, ambaye angemwambia mapema. Zuhura akatazama chini.

Hakunitaja. Alikuwa akipoteza kazi yake mbele ya macho yangu na hakunitaja.

Nikasimama. Nikaenda mpaka mbele ya bosi. Nikasema, "Ni mimi. Niliwaongoza mimi. Nilidhani huyu muzehe amenunua bustani, na mwanangu ni sehemu ya bei."

Hapo mzee akacheka. Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Akauliza angenunua bustani kwa pesa gani, hata nauli ya kuja hapa huyo mtoto ndiye anayemlipia. Nami nikalia hapo hapo, mbele ya bosi, mbele ya wazee wa igisoro, mimi.

Nikataka kumshika mkono nimpeleke kwenye kiti. Akautoa mkono wake. "Hapana, mama. Nimeshikwa mkono mpaka nimechoka. Nataka nije peke yangu, niwasumbue hawa wazee, niondoke peke yangu." Akageuka, akarudi getini kwa kupapasa, taratibu, peke yake. Kila mtu alimsubiri.

Anaitwa Muzehe Gaspard. Alikulia Karagwe, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka. Sukari ilimchukua macho. Alikuwa mchezaji mkali wa igisoro, na bado anacheza, anahesabu kete kwa vidole.

Bosi hakusema ndiyo wala hapana. Alisema watarudi baada ya wiki mbili, waone.

Magari yalipoondoka nikamuuliza Zuhura kwa nini hakuniambia kwamba kazi yake ni hapa. Akanitazama. "Mama, ningekuambia, Biryogo yote ingejua kabla chapati haijageuka. Kama ningeshindwa, ningepita wapi?"

Nilirudi kwa Mama Sifa kuchukua sufuria yangu.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimezunguka nyumba kwa nyumba na beseni. Kuomba kokoto. Kila mlango nilitakiwa kueleza. Nilijaribu kueleza kwa kifupi, haikuwezekana. Ilibidi nianze na yule mzee kuwa kipofu, halafu nirudi kwa mwanangu, halafu nifike kwangu.

Mwenye mapacha alirudisha zote. Mwingine alikuwa ameshampa shemeji yake. Mama Sifa ndiye alikuwa mgumu. Ameshazipanga mlangoni pake, zimekaa vizuri kama za hoteli, viatu havishiki tope tena. Akasimama juu yake, mikono kiunoni. "Jumamosi ilikuwa mawe ya mwizi. Leo iko mawe ya injenia?"

Nimemwambia ndiyo.

Akaniacha nisimame pale kwa muda. Nilistahili. Kisha akaingia ndani, akatoka na koleo, akaanza kuzoa mwenyewe. Alikuwa anakoroma kama mashine yake ya kushonea.

Mchaichai nilioubakiza una mizizi kidogo. Nimeuweka kwenye ndoo ya maji. Ule mwingine wateja wameshaunywa.

Jumamosi, 1 Novemba

Tumepanga kokoto upya. Zuhura na vijana wake, sisi kina mama, na Muzehe Gaspard amesimama kama msimamizi wa barabara. Si mzee mpole. Hapa nyembamba, anafoka. Hapa mmeweka mawe ya kunivunja mguu. Nyie mlisoma wapi kumwaga kokoto? Nikamwambia nilisoma mpaka darasa la sita, nikawa wa kwanza. Akasema basi darasa zima lilikuwa na hali mbaya.

Nimecheka. Zuhura hakucheka. Bado ananijibu kwa neno moja moja.

Kisha ugomvi, na huu ulikuwa wa kweli. Mstari ulikuwa unapita karibu sana na benchi letu. Mara ya kwanza uliwekwa hivyo hivyo, hatukuona kwa sababu hatukujua ni njia. Kina mama wakakataa. Tulihamia pale ili wanaume wasitupite puani, sasa mnatuletea njia ya wanaume? Mzee akasema yeye hawaoni, wana wasiwasi gani. Mama mwenye mapacha akamjibu kwamba masikio anayo, na mazungumzo ya pale si ya kusikiwa na mwanaume. Mzee akakubali kwamba hilo ni kweli.

Kijana wa kiti cha magurudumu naye akasema, kokoto zikipita kati ya geti na choo, yeye hafiki chooni, magurudumu yanazama. Hata Zuhura hilo hakuwa ameliona. Akakaa chini kwenye majani, akashika kichwa. Kila akimfungulia mmoja, anamfungia mwingine.

Nilitaka kumwambia mwanangu kitu kikubwa. Nikamletea chai. Ya tangawizi tu.

Akanywa. Akasema, basi, mama, kama ungekuwa wewe, ungetaka ianze kugeuka wapi? Nikamwonyesha kwa mguu. Si kwamba nilijua kuliko yeye. Lakini benchi ni langu, na aliniuliza akiwa amenitazama.

Mstari sasa unageuka mapema, kabla ya kufika jakaranda ya kwanza, na mchaichai umewekwa hapo. Upande wa choo wameacha ardhi ngumu, sawa, bila jiwe. Kokoto zilizorudishwa hazikutosha. Mama Sifa akaleta tena beseni moja ambalo alisema limejificha chini ya kitanda chake.

Jumanne, 11 Novemba

Walikuja asubuhi. Sikwenda. Zuhura hakusema nisiende, ila niliona heri nibaki na sufuria. Niligeuza chapati na sikuzihesabu wala kuzisifia. Nilisikia wazee wa igisoro wanapiga kelele huko chini, kelele zao za kawaida, halafu sauti ya Muzehe Gaspard juu ya zote, anamwita mtu mwizi wa kete.

Kwa hiyo alifika.

Zuhura alipita jioni. Amechoka. Amesema kijana wa kiti aliingia chooni na kutoka mwenyewe, na ufunguo utahamishwa kutoka baa kwenda kwa mlinzi wa geti. Taa bado. Bosi aliandika mengi, hakutabasamu. Nikauliza wameamuaje. Akasema hajui. Akalala kwangu, kwenye kitanda chake cha zamani, miguu imepitiliza.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Wateja wachache, wa kukimbilia paa zaidi kuliko chai.

Zuhura alikuja mbio, ameloa. Akanivuta ndani, akafunga mlango, akaniambia. Wamemchukua. Anaanza kazi kamili mwezi ujao. Akasema ofisini hawajawatangazia wenzake, kwa hiyo, mama, tafadhali, kwa sasa ni mimi na wewe.

Nikasema sawa.

Amelala sasa. Nimemfunika.

Mama Sifa alikuja kuazima kiberiti. Akanitazama. Akauliza kuna habari gani, mbona uso wangu uko hivyo. Nikamwambia mvua imeburudisha. Akasubiri zaidi, ananijua vizuri. Nikampa kiberiti.

Akaondoka. Nikarudi kukanda unga wa kesho.